Kijiji Kilichohesabiwa Mtu Mmoja

Jua la Rombo bado halijapata nguvu ya kuufukuza ukungu, na Zita Kavishe yuko juu ya nguzo. Amejifunga mkanda wa turubai kiunoni, mguu mmoja umekanyaga kigingi, mwingine unaning'inia, na mkono wa kulia unabandua kiota kilichojengwa nyuma ya antena. Chini yake ni migomba, na chini ya migomba ni kahawa.

"Samahani, mama," anamwambia ndege anayemzunguka kichwani kwa hasira. "Kajenge kwa jirani. Hapa ni ofisini kwangu."

Anashuka taratibu, anajipangusa viganja kwenye kitenge, kisha anatazama simu yake. Zahanati inasoma mtandao. Shule inasoma. Nyumba za kule kwenye kona ya kanisa zinasoma. Anashusha pumzi kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyostahili.

Zita, mwenye umri wa miaka 43, ni fundi wa mtandao wa intaneti wa kijiji cha Kilaweni, kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya mji mdogo wa Mkuu. Mtandao huu hauna kampuni. Ni wa wanakijiji wenyewe, ambao walichangishana kununua vifaa, na nguzo wakazisimamisha kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo usipofika unatozwa mkungu wa ndizi. Zita hulipwa laki moja na nusu kwa mwezi kuutunza.

"Ikipatikana," anaongeza haraka. "Andika hivyo, usije ukanipandishia bei ya sukari dukani."

Huenda asilipwe tena muda si mrefu. Kampuni ya mjini Moshi inayowauzia intaneti imewapa notisi: ifikapo mwisho wa Juni, kama Kilaweni haijapata anwani yake yenyewe, waya unakatwa.

Anwani inayosemwa hapa si sanduku la posta. Ni namba. Kila kinachoingia kwenye intaneti hutoka na namba, ili ijulikane ujumbe umetoka wapi na jibu lirudi wapi. Namba za aina ya zamani, ambazo sehemu kubwa ya dunia bado inazitegemea, zimekuwa adimu, na wenye nazo huzigawa kwa kubana. Kilaweni nzima, yaani zahanati, shule, chama cha kahawa na nyumba zaidi ya mia mbili, inatoka nje kwa namba moja. Na hiyo moja ni ya kuazima, mali ya kampuni hiyo ya Moshi, ambayo sasa inaitaka irudi.

"Mnajifunika shuka moja kijiji kizima," anasema Zita. "Mmoja akilichafua, mnanuka wote."

Msomaji wa mjini atauliza kwa nini wasitumie simu kama watu wengine. Aende Kilaweni akajaribu. Upande huu wa mlima simu hudaka mnara wa Kenya kabla haijadaka wa Tanzania. Unampigia jirani yako umwombe jembe, unakatwa salio kama mtu aliyesafiri nchi za nje, na ukishuka kidogo bondeni hudaki chochote. Ndiyo maana walijenga cha kwao.

Na kilifanya kazi, hadi mwaka juzi, kompyuta ya chama cha kahawa ilipoingiwa na virusi. Bila mtu kujua, ikawa inasambaza matangazo ya uongo duniani kote, dawa za nguvu za kiume na bahati nasibu zisizokuwepo. Zita aliigundua, akaisafisha, akaweka na ulinzi. Lakini ile namba ilikuwa imekwishaingia kwenye orodha ya namba chafu. Tangu siku hiyo taasisi nyingi hutupa barua pepe yoyote inayotoka Kilaweni, na hazisemi kama zimeitupa.

Kuomba kusafishiwa jina ni lazima aombe mwenye namba. Mwenye namba ni kampuni. Kila Zita alipopiga simu, kampuni ilimjibu kwamba suala hilo linashughulikiwa. Mtanzania gani hajui maana ya neno hilo?

Wakati suala linashughulikiwa, mama yake Zita alianza kushindwa kumeza.

Klotilda Kavishe alianza kukataa makande, akasema meno. Akakataa ndizi za kuchemsha, akasema hana hamu. Zita, ambaye hakuolewa na alirudi kwenye kihamba cha wazazi, shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, ili amtunze, alipoona hata uji unarudi, alimpeleka kwa Wenseslaus Tarimo, tabibu wa zahanati. Wenseslaus akaandika barua pepe kwa hospitali moja mjini Moshi, akiomba Bibi Klotilda apangiwe siku ya kupimwa koo.

Barua iliondoka. Haikurudi na kosa lolote. Wakasubiri.

"Sisi huku ni watu wa adabu," anasema Wenseslaus, akizungusha kalamu vidoleni. "Ukimwandikia daktari mkubwa leo, kesho humsumbui. Nikaacha wiki zipite, nikaandika tena kwa upole. Nikaandika mara ya tatu. Zote nilizipitisha kwenye njia ileile."

Zita alipochoka kusubiri alimchukua mama yake, wakashuka Moshi bila miadi. Hospitalini waliambiwa hakuna barua iliyofika. Klotilda alipimwa siku hiyohiyo. Ilikuwa saratani ya koo, na ilikuwa imekwishasambaa.

Alizikwa kihambani kwake wakati wa masika, ardhi ikiwa laini.

"Sisemi namba ndiyo iliyomuua," anasema Zita, na sauti yake inakuwa ndogo. "Daktari alinieleza pengine ingekuwa vilevile hata angewahi. Pengine. Hilo pengine ndilo linaloninyima usingizi. Barua ya mama yangu ilipita kwenye nguzo niliyoisimamisha mimi, ikatupwa njiani, nami naangalia kitaa cha kijani cha antena nasema mambo safi. Nina hasira, ndugu mwandishi. Nisikufiche."

Miezi michache baada ya mazishi, alipigiwa simu na Yusuph Alawi.

Yusuph ni mhandisi wa mitandao, mzaliwa wa Mawenzi mjini Moshi, na ndiye aliyewafungia Kilaweni antena ya kwanza. Yeye na wenzake kutoka nchi nyingine walikuwa wameandika pendekezo la sera: mitandao midogo ya jamii ipewe fungu dogo la anwani, lisilotozwa ada za kampuni kubwa. Likipita, Kilaweni itakuwa na jina lake, na jina hilo likichafuka itaweza kwenda yenyewe kuomba lisafishwe.

Katika shirika la kikanda linalogawa anwani hizo, sera hazipigiwi kura. Hujadiliwa kwenye jukwaa la barua pepe ambalo mtu yeyote anaweza kujiunga, awe bosi wa kampuni au mkulima wa kahawa. Wenyeviti husoma yanayosemwa, wakapima kama jamii imeafikiana. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na kwenye jukwaa hilo asiyeandika ndiye asiyekuwapo.

"Nilimwambia, Dada Zita, walioshiba wameandika, sisi tunaoumia tumenyamaza," anakumbuka Yusuph. "Naomba watu. Sikufikiri kama kuna haja ya kumfundisha mtu mzima namna ya kuandika barua."

Haja ilikuwepo, loh, na kubwa.

Zita alilipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa mfongo, mfereji wa asili unaoleta maji kutoka msituni. Kilaweni mkutano wa mfongo ndio mkutano hasa. Ule wa serikali ya kijiji watu huenda kusaini. Mwenyekiti wake ni Mzee Remigius Shirima, mwenye sauti ya kukwaruza na tabia ya kumkatiza kila mtu isipokuwa padri.

Watu wa mfongo wana desturi yao. Kabla ya kwenda kwa wakubwa, wanakaa wanalitafuta neno moja. Neno likishapatikana, halipunguzwi wala haliongezwi, na atakayekwenda akasema la kwake anahesabiwa kuwa amewauza wenzake. Kijiji cha jirani, wakati wa mgogoro wa maji, kilishuka wilayani kila mtu na lake. Wakaambiwa warudi wakaelewane kwanza. Hadi leo wanachekwa.

Basi neno moja la kuunga mkono pendekezo likaandikwa. Zita aliliandika, Mzee Remigius akalisahihisha. Zita alikuwa ameweka sentensi mbili kuhusu mama yake, Mzee akaziondoa.

"Aliniambia msiba wa nyumba moja si neno la kijiji," anasema Zita. "Na kwa desturi yetu alikuwa sawa. Sikubisha."

Jumapili baada ya misa, neno lilisomwa kwenye ukumbi wa parokia. Likaulizwa swali la mfongo: nani ana jingine? Kimya. Kilaweni, kimya hicho maana yake ni ndiyo. Watu wakapanga foleni, wenye simu na simu zao, wasio na simu kwenye kompyuta ya parokia, kila mmoja akajiandikisha kwenye jukwaa na kutuma neno lile, herufi kwa herufi, jina lake chini. Kila barua ilipoondoka akina mama walipiga vigelegele. Mbege, pombe ya ndizi, ilinyweka. Zita anasema hajawahi kukiona kijiji kikiwa na furaha namna ile kwa jambo ambalo si harusi.

Jibu la mmoja wa wenyeviti lilikuja Jumanne, kwa wote waliomo jukwaani. Zita analo kwenye simu, na analitafsiri bila kulitazama, maana amekwisha kulikariri.

"Tumepokea ujumbe mwingi unaofanana kabisa, uliotumwa ndani ya muda mfupi, na wote waliotuma wamejiandikisha kutoka anwani moja. Anwani hiyo ina historia ya utapeli. Tunaamini ujumbe wote umetungwa na mtu mmoja, na hatutauzingatia."

Mchangiaji mwingine, anayeishi nchi ambayo Zita hajawahi kufika, aliongeza utani: kumbe huko Kilimanjaro kuna mtu mwenye majina mengi kuliko mapango ya mlima wake.

Yusuph aliandika kujieleza, lakini muda wa mjadala ulikuwa umekwisha. Pendekezo likarudishwa kwa waandishi wake kwa maelezo kwamba halikuonyesha kuungwa mkono vya kutosha.

Hebu litazame jambo hili vizuri. Watu wanaomba namba yao kwa sababu wote wanatumia moja. Wanakataliwa kwa sababu wote wametumia moja. Ingekuwa kichekesho kizuri cha kusimulia kilabuni, kama Klotilda asingekuwa kaburini. Na huyo mwenyekiti naye si mtu mbaya. Kila siku matapeli humletea barua za namna hiyohiyo, naye hana njia ya kuiona foleni ya parokia.

Zita alilisoma jibu ukumbini, palepale walipopiga vigelegele. Anasema hakuna aliyefoka. Walisimama mmoja mmoja, wakaaga vizuri, wakaenda zao. Baada ya hapo michango ikaanza kupungua. Siku ya soko Mkuu alimsikia mwanamke wa kijijini kwake akimwonyesha kwa kidole: huyo ndiye aliyetupeleka tukaitwa matapeli.

"Ningetukanwa ningejua la kufanya," anasema. "Lakini kuambiwa hupo! Mae! Mtu umesimama hapo na kitambulisho chako, umezaliwa hapa, umezika hapa, unaambiwa hupo."

Sasa pendekezo limerudi jukwaani kwa mara ya mwisho, kabla ya Juni. Yusuph amewaeleza kwa urefu safari hii: kila mtu aandike la kwake, kwa maneno yake, hata kwa Kiswahili, naye atatafsiri. Na asijiandikishe kwa mtandao wa kijiji, ambao tayari umetiliwa shaka. Inabidi ashuke hadi Mkuu, mahali simu inapodaka mnara wa Tanzania.

Mchana, baada ya kazi ya nguzo, Zita anapita nyumba kwa nyumba. Mwandishi wa makala haya anamfuata nyuma, kwa shida, maana vijia vya Kilaweni vilikatwa kwa ajili ya miguu ya huko.

Nyumba ya kwanza, mama mmoja anayeanika maharage anamsikiliza hadi mwisho, kisha anatikisa kichwa. "Zita mwanangu, mimi sina la kwangu. Langu ni lile la wote." Zita anamwuliza kama kukatwa kwa mtandao hakutamuumiza. Kutamuumiza, anajibu, kijana wake yuko Arusha na humwona usoni kila Jumapili. Basi andika hilo. Mama anacheka kwa aibu: "Hayo ni ya kuwaambia wakubwa?"

Nyumba ya pili mlango haufunguliwi, ingawa moshi unatoka jikoni. Ya tatu wanakaribishwa ndizi, wanaahidiwa, na Zita akiwa njiani anasema hiyo ahadi isihesabiwe.

Ya nne ni kwa Mzee Remigius, anayenoa panga uani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kwa ajili ya ile barua, mimi siandiki."

"Kwa nini, Mzee? Wewe ndiye mwenyekiti. Ukiandika wewe, wengine watafuata."

Mzee anajaribu makali ya panga kwa kidole gumba, kisha analiweka chini. "Kwa sababu hata ile siku sikukubali."

Zita anapaza sauti. "Lakini ulisahihisha barua kwa mkono wako! Ukatuma na jina lako!"

"Mwenyekiti atavunjaje neno la wote? Nilituma. Hukuniuliza Remigius anaona nini, uliuliza nani ana jingine, mbele ya kijiji kizima. Aliyekuwa na jingine angesimama ili iweje?"

Halafu Mzee anasema analoliona, na Zita hamkatizi. Leo kijiji kinanuka pamoja na kampuni, kwa hiyo kuna wa kumlilia. Kikipata anwani yake, na kompyuta ya chama ikaharibika tena, kitafungiwa chenyewe, na hakutakuwa na wa kumlilia ila Zita. Na Zita akiumwa? Akiolewa? Akianguka kwenye hizo nguzo zake? "Mfongo ukitaka uwe wako, lazima uwe na wa kuuzibua usiku na mchana. Sisi tuna mtu mmoja, na huyo tunamlipa tukikumbuka."

Zita anainama, anaokota jani la mgomba, analichanachana. Baadaye njiani atakiri kwamba alitamani kumpiga mzee wa watu. Lakini pale uani anasema, "Basi andika hivyohivyo."

"Nipinge?"

"Upinge. Ila utumie maneno yako, na jina lako."

Siku ya soko, Mzee Remigius alishuka Mkuu na kofia yake ya misa. Alisimama kwenye baraza la duka la vipuri, akamtajia Zita maneno, Zita akayaandika kwenye simu ya mzee bila kugusa hata nukta. Yalikuwa marefu. Kulikuwa na mfongo ndani yake, na panga, na lawama kwa vijana.

Kesho yake jibu lilikuja, kutoka kwa mwenyekiti yuleyule. Lilianza kwa kumwita Mzee Remigius Shirima kwa jina lake lote na kumshukuru. Hoja yake, lilisema, ni nzito kuliko nyingi zilizotolewa na wataalamu, na jukwaa lingependa kujua kutoka kwa watu wa Kilaweni: nani atautunza mtandao huo, na kwa nini tuamini kwamba ataweza?

"Nililia palepale nilipolisoma," anasema Zita. "Sikulia kwa furaha, usije ukaandika ilikuwa furaha. Barua zetu zote za kuunga mkono walizitupa. Ya kupinga ndiyo wameijibu, na sasa wanauliza swali ambalo mtu wa kulijibu ni mimi."

Mzee Remigius, kwa upande wake, amekuwa akimweleza kila anayekutana naye kwamba wataalamu wamemkubali. Bado anapinga.

Hadi makala haya yanaandikwa, ni watu wachache tu wa Kilaweni walioshuka Mkuu. Yule mama wa maharage hajashuka. Yusuph anasema hawezi kutabiri. Wapo wenye nguvu wasiotaka namba adimu zigawiwe vijijini, na hao huandika kila siku. Pendekezo likikwama tena, mwisho wa Juni Zita atapanda nguzo zake kwa ajili ya kuteremsha antena.

Jibu lake mwenyewe ameliandika mara nyingi akalifuta. Alizoea kuanza na "sisi wananchi wa Kilaweni", na kila alipofika hapo alikwama. Jioni hii, siku chache baada ya soko, amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya mama yake, anasoma alichopata kwa sauti, akijikwaa hapa na pale:

"Naitwa Zita Kavishe. Mtandao huu nautunza mimi. Mmeuliza kwa nini mniamini. Mama yangu aliitwa Klotilda. Barua ya kumwombea daktari ilipita kwangu mara tatu na haikufika, nami sikujua. Ndiyo maana nitautunza. Mzee Remigius amesema kweli, nipo peke yangu, na hilo nalo linahitaji jibu. Naunga mkono pendekezo."

Anairudia sentensi inayomtaja mama yake, halifuti neno hata moja. Kesho atashuka nayo Mkuu.

Anaulizwa kama anaamini safari hii watakubaliwa. Anakwangua tope kwenye ndala.

"Sijui," anasema. "Lakini wakikataa, wakatae wakijua wanamkataa nani."